Kabla ulimi haujawa mzito: hati za kuandaa mapema ukiwa Kenya

Mtu akisema anataka kupanga mambo yake mapema, wengi husikia wosia. Wosia una kazi yake, lakini hauanzi kazi hiyo mpaka mwenyewe afe. Mzee akipatwa na kiharusi leo, akalala miezi hajui mchana wala usiku, wosia wake ulio kabatini hautalipa bili ya hospitali ya siku hata moja. Watoto watakwenda benki waambiwe mwenye akaunti aje mwenyewe. Daktari atauliza nani anaruhusu upasuaji, na ndugu watano watatoa majibu matano. Hapo ndipo familia nyingi huvunjikia, mgonjwa angali hai. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na karatasi za ugonjwa, halafu ndipo uje kwa karatasi za kifo.

Yaliyomo humu ni ya Kenya. Sheria zinazohusika hasa ni Sheria ya Urithi (Sura ya 160), Sheria ya Afya ya mwaka 2017 na Sheria ya Afya ya Akili (Sura ya 248). Tanzania ina RITA, wakala wake wa usajili na udhamini, na kanuni zake za mashahidi, basi usichukue fomu ya Nairobi ukaipeleka Arusha.

Hatua ya kwanza: andika ulicho nacho na unachodaiwa

Chukua daftari. Andika kila shamba na ploti kwa nambari ile ile iliyo kwenye hati miliki, si "lile shamba la kule chini". Andika benki na tawi, sacco na nambari ya uanachama, chama, hisa, bima, pensheni, logibuku ya gari au pikipiki, mifugo. Andika madeni pia, pamoja na mikopo ya watu uliowadhamini kwenye sacco, kwa sababu hayo hayaonekani popote mpaka siku hisa zako zinaposhikwa.

Kisha fanya sachi ya kila ardhi, yaani upekuzi wa rejista kuona jina la mwenyewe, kwenye ofisi ya msajili, au kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, kwa maeneo yaliyokwisha kuingizwa humo. Utashangaa ni wazee wangapi wanaogawa shamba ambalo bado lina jina la babu yao. Shamba la namna hiyo huwezi kulirithisha kwa wosia wako, kwa kuwa kisheria si lako bado. Dawa yake ni kufungua kesi ya mirathi ya babu sasa, ukiwa na nguvu za kwenda kortini na wakiwepo wazee wanaokumbuka nani ni mtoto wa nani. Ukiiacha, wajukuu wako watafungua mafaili matatu kwa ploti moja.

Nywila na PIN ya simu usiziandike kwenye wosia. Wosia ukifika mahakamani huingia kwenye faili, na faili husomwa na watu.

Hatua ya pili: barua ya matibabu

Hii ndiyo karatasi rahisi kuliko zote, na ndiyo inayokosekana zaidi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya kinasema mgonjwa hatibiwi bila idhini yake, kisha kinataja hali zinazoruhusu vinginevyo. Mojawapo ni pale mgonjwa asipoweza kutoa idhini mwenyewe, ikatolewa na mtu aliyemteua kwa maandishi. Kwa maandishi: ndilo jambo lote. Kuwa kifungua mimba hakukupi mamlaka hayo, wala kuwa ndiye unayelipa bili.

Haihitaji maneno makubwa. Inaweza kuandikwa hivi:

"Mimi, [majina matatu], mwenye kitambulisho nambari [ ], nikiwa na akili timamu, namteua binti yangu, [majina], mwenye kitambulisho nambari [ ], awe ndiye atakayetoa au kukataa idhini ya matibabu kwa niaba yangu wakati wowote ambapo mimi mwenyewe sitaweza kuelewa au kujieleza. Asipopatikana, namteua [majina]. Naomba madaktari wamweleze hali yangu kama ambavyo wangenieleza mimi."

Weka tarehe na sahihi yako. Weka mashahidi wawili ambao si hao uliowateua, na ukiweza, mhuri wa wakili au kamishna wa viapo. Sheria ya Afya haikudai mhuri, lakini karani wa hospitali saa nane za usiku huheshimu mhuri kuliko kifungu cha sheria.

Chini ya hapo, au kwenye ukurasa wa pili, eleza unachotaka. Kenya haina sheria mahsusi inayoifunga hospitali kufuata maagizo ya mgonjwa ya mapema neno kwa neno, ila kifungu cha 8 cha sheria hiyo hiyo kinatambua haki ya mgonjwa kuelezwa kwamba anaweza kukataa matibabu anayopendekezewa, na maelezo yako yatakuwa ushahidi wa ulichokitaka. Ni vizuri uwe mahsusi. "Nisiteswe" haimsaidii daktari. Sema kama, ikithibitishwa na madaktari wawili kwamba hakuna matumaini ya kupona, ungependa kuwekwa kwenye mashine ya kupumua au hapana. Kama moyo ukisimama ujaribiwe kuamshwa. Kama utalishwa kwa mpira. Kama dini yako ina neno kuhusu damu. Na kama ungependa kufia nyumbani. Andika wazi kwamba dawa za maumivu, morfini ikiwemo, zisizuiwe. Jamaa huogopa morfini kuliko ugonjwa wenyewe, na mgonjwa ndiye anayelipia woga wao.

Kukataa mashine ni jambo moja, kuomba uuawe ni jingine. La pili sheria ya Kenya hailiruhusu, na anayemsaidia mtu kujiua anatenda kosa la jinai. Usiandike sentensi itakayomtia binti yako mashakani.

Kama tayari kuna ugonjwa mzito, jadili karatasi hii na watu wa hospisi kabla ya wakili. Nairobi Hospice, Nyeri Hospice na Coast Hospice ya Mombasa hushughulika na maumivu na mazungumzo ya mwisho kila siku, na watakueleza ni nini hasa hutokea kwa ugonjwa wako, ili usikatae kitu ambacho kingekusaidia.

Mtu wa kumteua awe nani? Si lazima awe mkubwa wala mwenye pesa. Tafuta anayeweza kumwambia shangazi "hapana" mbele ya watu na kulala usingizi usiku huo. Mwambie kabla, mpe nakala, na wengine wote waambiwe kwamba ni yeye.

Hatua ya tatu: pesa na mali ukiwa kitandani

Hapa kuna mtego. Hati ya uwakilishi, ile unayompa mtu mamlaka ya kukusimamia mambo, hutengenezwa na wakili na huwa ya jumla au ya jambo moja tu, kama kuuza ploti fulani. Ikigusa ardhi husajiliwa kwa msajili wa ardhi. Wakenya walioko ughaibuni huitumia sana, wakaitia sahihi mbele ya notari huko waliko na kuituma nyumbani.

Lakini kwa kanuni ya sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, wakala hana nguvu kuliko aliyemtuma. Wewe ukipoteza akili timamu, mamlaka uliyompa huisha, yaani hati inakufa siku ile ile ulipoihitaji. Nchi nyingine zimetunga sheria ya hati inayoendelea hata baada ya mwenyewe kupoteza ufahamu. Kenya haina. Fomu zinazopatikana mtandaoni zenye maneno hayo zimetoka Uingereza au Marekani, na maneno hayo hayana mguu wa kusimamia hapa.

Hiyo haimaanishi hati ya uwakilishi haina faida. Mtu aliyevunjika nyonga au aliyelazwa na akili zake zote anaihitaji. Ila usiitegemee kwa ugonjwa wa kusahau au kiharusi kizito. Kwa hayo, panga hivi ukiwa mzima:

Fungua akaunti moja ya pamoja na mtu unayemwamini, ambayo yeyote kati yenu anaweza kutoa pesa peke yake, na uweke humo kiasi cha kutosha miezi kadhaa ya matibabu. Si akiba yote. Uliza benki yako waziwazi nini hutokea mmoja akipoteza ufahamu na nini hutokea akifa, kisha wakupe jibu hilo kwa maandishi.

Ardhi ya mume na mke inaweza kusajiliwa kwa umiliki wa pamoja, ambapo mmoja akifa mwenzake huchukua yote kwa kuwasilisha cheti cha kifo kwa msajili, bila kesi ya mirathi. Tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki wa aina hii hufunguliwa kwa wanandoa tu, isipokuwa mahakama iruhusu. Mwenye wake wawili afikirie mara mbili, maana ardhi hiyo haitaingia kwenye mgao wa mke wa pili na watoto wake.

Na kama mtu ameshapoteza ufahamu bila kupanga lolote? Basi ni mahakama. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili, jamaa huomba wateuliwe kuwa walezi wa mgonjwa na wasimamizi wa mali yake, wakiambatisha ripoti za daktari na maelezo ya mali. Msimamizi huyo hawezi kuuza wala kuweka rehani ardhi bila ruhusa maalumu ya mahakama. Inawezekana, lakini ni miezi na ni ada, na bili ya chumba cha wagonjwa mahututi haisubiri tarehe ya kesi.

Hatua ya nne: fomu za wanufaika

Hili ni la nusu siku. Pensheni ya kazini haihesabiwi kuwa sehemu ya mirathi; wadhamini wa mfuko huilipa kufuatana na kanuni zao, wakiitazama fomu uliyojaza. Sacco na bima ya maisha nazo zina fomu zao. Nenda ukazione. Utakuta umeandika mama yako aliyefariki, au mchumba wa enzi za chuo. Na jina la jamaa wa karibu ulilojaza ulipofungua akaunti ya benki ni la kupigiwa simu tu, halimpi mtu huyo haki ya pesa.

Hatua ya tano: wosia

Sheria ya Urithi haikudai Kiingereza, wala haikudai wakili. Inadai uwe mtu mzima mwenye akili timamu, uandike, utie sahihi au alama ya dole gumba mahali panapoonyesha kwamba unaukubali wosia wote, na mashahidi wasiopungua wawili, kila mmoja akiwa amekuona ukitia sahihi au amekusikia ukiikiri kuwa ni yako, naye atie yake mbele yako. Mke ana uwezo ule ule wa kuandika wosia kama mume.

Anza hivi: "Huu ni wosia wangu wa mwisho. Nafuta wosia wote nilioandika kabla ya huu." Taja wasii, yaani atakayetekeleza. Mahakama haitoi idhini ya kusimamia mirathi kwa zaidi ya watu wanne kwa mali ile ile, na wawili wanatosha. Kama kuna watoto wadogo, mtaje mlezi wao na utaje nani atashika mali yao mpaka wafike miaka 18, na si lazima awe mtu mmoja. Anayebembeleza watoto vizuri anaweza kuwa hajui kabisa kushika pesa.

Kisha gawa, kitu kimoja kwa sentensi moja, ukitumia zile nambari za daftarini. Malizia na kifungu cha masalio, kinachosema chochote ambacho hukukitaja kiende kwa nani. Bila hicho, ng'ombe utakayemnunua mwakani hana mwenyewe.

Chini ya sahihi yako mashahidi waandike: "Ametia sahihi mbele yetu, nasi tumetia sahihi mbele yake," pamoja na majina, vitambulisho na tarehe. Shahidi asiwe mtu anayerithi wala mume au mke wa anayerithi. Akiwa hivyo, zawadi yake hubatilika, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasiohusika. Wasii anaruhusiwa kuwa shahidi, ingawa mimi ningemwacha nje ili asiulizwe mambo mawili kwa wakati mmoja.

Sheria humchukulia mwandishi wa wosia kuwa ana akili timamu mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Hata hivyo, kama mzee ana miaka 80 au ameanza kusahau, apate barua ya daktari ya siku ile ile. Na mrithi anayependelewa asimlete wakili, asilipe, wala asikae chumbani. Wosia hupingwa kwa hoja ya kushurutishwa, na picha ya mwana mmoja amekaa ukingoni mwa kitanda akimshikia baba kalamu haitetewi kirahisi.

Je, unaweza kumnyima mtu? Unaweza kuandika, ila kifungu cha 26 kinairuhusu mahakama kumtengea fungu tegemezi aliyeachwa bila sehemu ya kutosha. Mke au wake na watoto wamo, wawe ulikuwa unawalisha au la. Wazazi, wajukuu na ndugu wamo kama ulikuwa ukiwatunza hadi kifo chako. Mtoto wa nje uliyemkubali ni mtoto. Ukificha jina lake kwenye wosia, atajitokeza mazishini, na hapo wakili wake ndiye atakayeeleza. Afadhali umtaje, useme unampa nini na kwa sababu gani.

Ukifa bila wosia na una wake zaidi ya mmoja, kifungu cha 40 hugawa mali kwa nyumba, yaani kila mke na watoto wake, kwa kuhesabu watoto, na mke aliye hai huongezwa kama fungu moja. Mke wa kwanza ana watoto 5, wa pili ana 2: nyumba ya kwanza ni mafungu 6, ya pili 3. Nyumba ya kwanza inachukua theluthi mbili. Kama huo si mgao unaoutaka, andika.

Wosia wa mdomo upo, lakini ni dhaifu: mashahidi wawili au zaidi, na mwenyewe awe amefariki ndani ya miezi 3 tangu aseme. Yale ya "Baba alituambia Krismasi ya mwaka juzi" hayafiki.

Kwa Waislamu, Sheria ya Urithi inawaachia sheria yao. Wasia hauzidi theluthi moja baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi, na hauendi kwa mrithi ambaye tayari ana fungu lake, ila warithi wengine wakiridhia. Theluthi hiyo inafaa kwa mtu asiyerithi, kama mtoto uliyemlea au mjukuu aliyefiwa na baba yake. Kesi husikizwa na Mahakama ya Kadhi pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali. Lakini barua ya matibabu ya hatua ya pili inamhusu Mwislamu sawasawa na mwingine yeyote.

Hatua ya sita: mazishi, kwenye karatasi yake

Usiyaweke kwenye wosia peke yake, kwa sababu wosia mara nyingi hufunguliwa watu wakisharudi kutoka makaburini. Kisheria maiti si mali, hivyo huwezi kuirithisha. Matakwa yako yana uzito mbele ya jaji lakini si amri.

Wakenya wanalijua hili tangu kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alisema mumewe alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa mochari hadi Mei 1987, Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo haki, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi ilijaa mashahidi wakisimulia maneno ambayo marehemu aliyasema akiwa hai. Mfano wa kinyume ni Wangari Maathai, aliyefariki Septemba 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Alibebwa kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, akachomwa Kariokor, jambo ambalo Wakenya wengi wangelipinga kama mapenzi yake yasingejulikana wazi.

Kwa hiyo andika mahali, dini, kuzikwa au kuchomwa, na kiwango cha matumizi, kisha usome karatasi hiyo mbele ya mwenzi wako, watoto na angalau mzee mmoja wa ukoo, nao watie sahihi kwamba wamesikia. Huyo mzee ndiye atakayekuwa na kazi siku hiyo.

Hatua ya saba: kuhifadhi na kubadilisha

Wosia wa asili ni mmoja. Uweke kwa wakili, benki, au kwa wasii mwenye kabati la kufungwa, na watu wawili wajue uko wapi. Barua ya matibabu ni kinyume chake: nakala nyingi iwezekanavyo, kwenye faili lako la kliniki, kwenye simu ya uliyemteua, na mlangoni mwa kabati la vyombo.

Waambie watoto mapema kwamba ukishafariki hakuna mwenye mamlaka mpaka mahakama itoe idhini: ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, watu hupewa siku 30 za kupinga, na uthibitisho wa mgao kwa kawaida huja baada ya miezi 6. Anayeuza au kuchukua mali kabla ya hapo anaingilia mali ya marehemu, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamtoza faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kadi ya benki ya marehemu inayotolewa pesa usiku wa matanga imewaingiza wengi kwenye maswali magumu.

Ukifunga ndoa baada ya kuandika wosia, ndoa hiyo inaufuta, isipokuwa wosia uliandikwa ukitazamia ndoa na mtu huyo kwa jina. Ukitalikiana, ukipata mtoto au ukiuza ploti iliyotajwa, andika upya. Usikate mstari kwa kalamu ukaandika jina jingine pembeni, kwa kuwa badiliko la namna hiyo halina nguvu mpaka litiwe sahihi na mashahidi kama wosia wenyewe. Chapisha mpya, uite mashahidi tena, halafu uchome ule wa zamani, maana zikitokea karatasi mbili zenye sahihi yako, kila upande utakuja kortini na wakili wake na karatasi yake.